Gari lililofeli kipimo cha moshi: Zawadi au mzigo kwa Karagwe na Kyerwa?

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

UKISIMAMA kwa saa moja tu katika njia panda ya Omurushaka, wilayani Karagwe, utaona maisha ya pili ya magari ya nchi za watu yakipita mbele yako. Lipo basi dogo ambalo bado lina maandishi ya Kijapani ubavuni. Lipo lori linalopanda mlima huku likiacha wingu jeusi nyuma yake. Na mara moja moja hupita gari la taasisi ya dini au la zahanati, lenye maandishi mlangoni yanayoeleza kwamba limetolewa na marafiki wa Ulaya.

Karibu magari yote hayo yana jambo moja linalofanana. Yalizeeka kwingine kabla ya kufika hapa, na baadhi yaliachwa na wenyewe kwa sababu ya kipimo ambacho dereva wa Kayanga au Nkwenda hakutani nacho katika maisha yake ya kila siku, yaani kipimo cha moshi.

Wenyeji wa Karagwe na Kyerwa waishio ughaibuni, pamoja na marafiki wa parokia, misikiti, shule na vituo vya afya vya wilaya hizi, hujikuta mbele ya swali lile lile. Gari limefeli kipimo, kulitengeneza ni ghali, kulitupa kunauma. Je, si afadhali lipelekwe nyumbani likasaidie wagonjwa?

Nia hiyo ni njema na haistahili kubezwa. Hata hivyo, jibu lake linahitaji hesabu, kwa sababu gari la msaada likifika katika hali mbaya humgharimu anayelipokea, na katika wilaya zenye milima na vituo vya afya vilivyotawanyika, gharama hiyo inaweza kuwa uhai wa mtu.

Kufeli kuna maana mbili

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulitambua ni kwamba maneno "limefeli moshi" yana maana mbili zilizo mbalimbali.

Maana ya kwanza ni kwamba gari halikidhi kanuni mpya za mji fulani, ingawa lenyewe ni zima. Mfano ulio wazi ni London, Uingereza. Tangu Agosti 29, 2023, eneo la hewa safi la jiji hilo lilipanuliwa hadi kufikia vitongoji vyake vyote. Gari la petroli lisilofikia kiwango cha Euro 4, au la dizeli lisilofikia Euro 6, hutozwa Pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea humo. Gari la dizeli la mwaka 2012 lililotunzwa vizuri linaweza kuangukia katika kundi hilo, na bado likawa bora kuliko mengi yanayotembea katika barabara zetu.

Maana ya pili ni kwamba gari limeshindwa hata kiwango cha umri wake lenyewe. Uingereza, gari lililozidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka na moshi wake hupimwa. Ujerumani ukaguzi huo hufanyika kila baada ya miaka miwili, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya jimbo la California, Marekani. Gari linaloshindwa hapo halikupitwa na kanuni tu. Lina ugonjwa ndani yake.

Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa jambo lote. Gari la kundi la kwanza linaweza kuwa msaada wa maana. La kundi la pili lisipotibiwa kabla ya kusafirishwa, ugonjwa wake husafiri nalo hadi Kagera.

Moshi unaeleza nini

Mafundi wa gereji zetu hawana mashine za Ulaya, lakini wengi husoma moshi kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, pengine chujio la hewa limeziba au nozeli zimechoka. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inakula oili, na hapo ringi za pistoni ndizo hushukiwa kwanza. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata joto huweza kumaanisha kwamba maji yanapenya ndani kupitia gasketi.

Kwa hiyo sababu ya kufeli inaweza kuwa ya bei ndogo au ya bei ya injini nzima. Plagi, chujio au kihisi cha oksijeni hubadilishwa kwa siku moja. Ringi zilizokwisha au pampu ya dizeli iliyochoka ni habari nyingine kabisa.

Kisha yapo masega, kile kifaa chenye vitundu vidogo kilichofichwa ndani ya bomba la kutolea moshi. Kazi yake ni kugeuza gesi zenye sumu, ikiwamo kaboni monoksaidi, kuwa gesi zenye madhara madogo. Ndani yake mna madini ya thamani kubwa, yaani platinamu, paladi na rodi, na ndiyo maana hunyofolewa na kuuzwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilieleza katika ripoti yake ya Oktoba 2020 kwamba baadhi ya magari yaliyokaguliwa katika bandari za Uholanzi yakielekea Afrika yalikuwa yameng'olewa kifaa hicho. Gari la namna hiyo litawaka na kutembea kama kawaida, lakini litamwaga sumu yote nje.

Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi, ambalo hujisafisha lenyewe gari linapokwenda kwa kasi na kwa muda mrefu. Gari la aina hiyo likipewa kazi ya safari fupi za mwendo wa pole katika barabara za vumbi, chujio huziba mapema. Vilevile, nyanda za Karagwe ziko juu zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Injini mpya hujirekebisha yenyewe. Injini kongwe iliyochoka haiwezi, na kila mlima huonekana nyuma yake kwa wingu jeusi.

Mkondo wa magari haya

Karagwe na Kyerwa ni sehemu ndogo ya mkondo mkubwa. Kwa mujibu wa ripoti hiyo ya UNEP, kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japan na Marekani kwenda nchi nyingine. Takriban asilimia 40 yalikwenda barani Afrika.

Japan, ambako magari mengi ya Tanzania hutoka, ukaguzi wa lazima hufanyika gari linapofikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama zake huwafanya wenye magari wengi wauze mapema badala ya kutengeneza. Zaidi ya hayo, tangu Oktoba 1, 2003, Tokyo na majimbo jirani yalipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi viwango vya masizi. Magari yasiyotakiwa huko yalipata soko kwingineko.

Majirani zetu wameweka mipaka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane. Uganda, inayopakana na Kyerwa pale Murongo, ilipiga marufuku kuanzia mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania imechagua njia ya kodi, yaani gari kongwe linaruhusiwa lakini hutozwa zaidi.

Ulaya nayo imeanza kujiuliza. Julai 2023, Tume ya Ulaya ilipendekeza kanuni ya kuzuia kusafirishwa kwa magari yasiyofaa kutembea barabarani. Hoja ni kwamba gari lililokwisha si bidhaa tena. Ni taka zenye oili, betri na vimiminika vya hatari, na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 una masharti kuhusu kuvusha taka za namna hiyo mipakani.

Zawadi inayotozwa kodi

Wafadhili wengi hudhani kwamba kitu kilichotolewa bure hakina kodi. Forodha haitazami hivyo. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hukadiria thamani ya gari lililotumika kwa mfumo wake yenyewe, bila kujali kwamba mwenye gari hakupokea hata senti moja.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Gari dogo lenye injini ya ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000, lililozidi miaka 10, limekadiriwa kuwa na thamani ya Sh10 milioni pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh2.5 milioni, na jumla inakuwa Sh12.5 milioni. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini ni Sh625,000. Ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 ni Sh3.75 milioni. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla ya yote hayo inazidi kidogo Sh3.03 milioni.

Ukijumlisha, kodi pekee ni zaidi ya Sh9.9 milioni, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na hapo tozo nyingine ndogo, gharama za bandari, wakala na usajili hazijahesabiwa.

Ni kweli kwamba sheria huruhusu misamaha ya kodi katika mazingira maalumu. Hata hivyo, msamaha hauji wenyewe kwa sababu mlango wa gari umeandikwa jina la kanisa au zahanati. Taasisi inapaswa kuuomba, na ni busara kuwa na jibu kabla gari halijapakiwa melini. Aidha, gari lililosamehewa kodi haliwezi kuuzwa au kupewa mtu mwingine kiholela, kwani kodi iliyosamehewa hudaiwa.

Baada ya hapo inabaki safari ya nchi kavu ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam, kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama. Gari lililofeli kipimo Ulaya huanza kazi yake mpya kwa mtihani huo.

Nani atalipa kesho?

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wilaya zote mbili zina vijiji vingi vilivyo mbali na barabara ya lami, na kwa mama mjamzito aliyepata uchungu usiku, umbali wa kilomita 30 unaweza kuwa mrefu kuliko safari ya Mwanza. Taasisi za dini zimebeba sehemu kubwa ya huduma za afya kwa miongo mingi. Hospitali ya Nyakahanga, kwa mfano, ni ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na makanisa ya eneo hili yana urafiki wa muda mrefu na makanisa ya Ulaya. Ndiyo maana ofa za magari huja.

Tatizo ni kwamba wafadhili hupenda kutoa gari, lakini ni wachache wanaotoa fedha za kulitunza. Gari lenye injini inayokunywa mafuta kupita kiasi hula bajeti ya dawa. Gari la aina isiyo ya kawaida hapa nchini hukosa vipuri, na fundi wa Kayanga hulazimika kuagiza Dar es Salaam au nje. Likikosa kifaa kimoja kwa miezi mitatu, huota nyasi uani, na kila anayepita huona jina la mfadhili mlangoni.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni gari linalowaka leo na kugoma kesho. Zahanati isiyo na gari hujua haina, hivyo hutafuta njia nyingine mapema. Zahanati yenye gari bovu hulitegemea, na hugundua ubovu wake katikati ya mlima, mgonjwa akiwa ndani.

Upo pia upande wa usukani. Tanzania tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na magari yetu yana usukani kulia. Gari kutoka Ujerumani au Marekani lina usukani kushoto, hivyo dereva wake anapotaka kulipita lori katika kona za milima hii hulazimika kuchungulia kwa shida. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kufikiri mara mbili.

Moshi na afya zetu

Wapo watakaouliza kama moshi wa gari moja una uzito gani katika wilaya ambazo jikoni nyingi hupikia kuni. Swali hilo ni la haki. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani kwa pamoja, huhusishwa na vifo vya mapema vipatavyo milioni saba duniani kila mwaka, na moshi wa jikoni una sehemu kubwa.

Lakini moshi wa kuni hauufanyi wa dizeli kuwa salama. Mwaka 2012, taasisi ya WHO inayochunguza saratani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni wale wasio na gari, yaani mama muuza ndizi kituoni, kijana wa bodaboda nyuma ya lori, na mwanafunzi anayetembea kando ya barabara. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zinagusa pia moshi wa magari. Kwa hiyo kufeli Ulaya si jambo la Wazungu peke yao.

Inafaa kukumbuka kwamba Afrika imeshawahi kuchagua hewa safi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliondoa petroli yenye madini ya risasi kufikia mwaka 2006, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015. Mafuta safi yakichomwa katika injini mbovu, sehemu ya faida hiyo hupotea.

Njia nyingine za kutoa

Nchi zinazotoa magari zenyewe zimejifunza jambo. Marekani, hadi mwaka 2004, mtu aliyetoa gari kwa shirika la hisani aliweza kudai nafuu ya kodi kwa bei iliyoandikwa kitabuni, hata kama gari lilikuwa mkweche. Kuanzia mwaka 2005 sheria ilibadilika. Shirika likiliuza gari hilo bila kulitumia, kwa kawaida nafuu inayozidi Dola 500 haiwezi kupita kiasi kilichopatikana sokoni. Kwa maneno mengine, thamani ya zawadi ni kile kinachomfikia anayepewa.

London nayo, mwaka 2024, iliwaruhusu wenye magari yasiyokidhi kanuni za eneo la hewa safi kuyatoa yapelekwe Ukraine kwa shughuli za kibinadamu badala ya kuyasaga kuwa vyuma chakavu. Mpango huo ulikuwa na shirika lililojulikana la kuyapokea na kuyasafirisha, na mahitaji ya upande wa pili yalifahamika.

Kwa mfadhili wa Karagwe au Kyerwa, mara nyingi njia iliyo bora ni kuliuza gari huko huko, hata kama ni kwa bei ya vyuma, na kutuma fedha. Kiasi kinachoonekana kidogo Ulaya kinaweza kununua seti ya tairi, betri na matengenezo ya gari ambalo zahanati tayari inalo, na fundi wake tayari analijua.

Fedha hizo zinaweza pia kulipia safari badala ya gari. Mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, unafanya hivyo hasa. Mtu hupiga namba 115 bila malipo, na pasipo na gari la wagonjwa karibu, dereva wa kijiji aliyeandikishwa huitwa kumchukua mama au mtoto mchanga na kulipwa kwa safari hiyo. Hapo linalotumika ni gari ambalo tayari liko kijijini na linatembea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo

Hii haina maana kwamba kila gari likataliwe. Lipo gari zima lililoonewa na kanuni za mji, na lipo kundi la marafiki walio tayari kulitunza. Kamati ya zahanati, parokia au shule inayopewa ofa inaweza kujilinda kwa maswali machache.

Kwanza, gari limefeli nini hasa? Iombwe karatasi ya kipimo, si maelezo ya mdomo. Karatasi hiyo hutaja gesi iliyozidi na kiwango chake, na fundi mzuri ataielewa.

Pili, je, litatengenezwa na kupimwa upya kabla ya kusafirishwa? Gari lililofeli likatibiwa na kufaulu ni gari tofauti na lile lililofeli likapakiwa melini.

Tatu, masega na chujio la masizi bado vimo? Kuangalia chini ya gari ni kazi ya dakika chache.

Nne, vipuri vya aina hiyo vinapatikana Kayanga, Bukoba au Mwanza, na usukani uko upande gani?

Tano, nani atalipa kodi, bandari, usafiri na usajili, na nani atalipa mafuta, bima na matengenezo kwa miaka mitatu ya mwanzo? Jibu liandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili.

Sita, likifika mwisho wake, litapelekwa wapi?

Kwa desturi zetu si adabu kukagua meno ya ng'ombe wa zawadi mbele ya aliyekuletea. Lakini gari la wagonjwa si ng'ombe. Rafiki wa kweli hatakasirika akiulizwa, na huenda akashukuru kuokolewa na fedheha ya kuona jina lake kwenye mlango wa gari lililokufa uani. Anayepaswa kufikiriwa kwanza ni yule mama wa kijijini Kyerwa ambaye usiku mmoja atapanda gari hilo, naye hana nafasi ya kuuliza lilifeli nini.